Kufunga redio ya flashi kwenye pikipiki bila kuua betri, mwongozo kamili

Nimeendesha bodaboda Morogoro miaka sita kabla sijaingia kwenye ufundi umeme wa pikipiki, na kazi ninayoletewa kuliko zote ni redio. Yani kijana kanunua redio yake safi, kampelekea yeyote mwenye plaisi na tepu, imeimba wiki mbili alafu pikipiki ikaanza vituko, honi inakoroma, indiketa zinawaka bila kukonyeza, asubuhi stata haishiki, na lawama zote anabebeshwa redio. Redio yenyewe inakula umeme kidogo sana. Shida inatoka kwenye sehemu umeme ulipochukuliwa na namna kitu kilivyofungwa, na hayo mawili ukiyafanya vizuri utasikiliza mziki mwaka mzima hujashika spana.

Naeleza njia ninayoitumia mwenyewe kwa pikipiki za volti 12, ambazo ndo karibu zote tunazoendesha, Boxer, TVS, Sanlg, Haojue na wenzao. Tenga nusu siku ya kutulia, usifanye kazi hii katikati ya abiria wawili.

Chombo gani ununue

Madukani utakuta aina tatu. Kuna redio ndogo ya kuchaji yenye sehemu ya flashi na memori kadi, ndani ina betri yake, nyingi zinatumia ile betri ya simu ya BL-5C au betri za duara za 18650, na chaji yake ni volti 5. Kuna seti ya pikipiki yenyewe, spika mbili za kubana kwenye usukani pamoja na rimoti, hii inakula volti 12 moja kwa moja. Alafu kuna ya kujitengenezea, unanunua ubao wa mp3, amplifaya ndogo na spika ya gari, unavipanga kwenye boksi.

Kama unafanya biashara ya abiria mimi nakushauri uchukue ile ya kwanza, yenye betri yake. Manake bodaboda muda mwingi tuko kijiweni injini imezimwa, na ukiwa na seti ya volti 12 hapo kijiweni ndo unapoinyonya betri ya pikipiki. Piga hesabu mwenyewe: betri yako imeandikwa 12V 5Ah, seti inakula ampea 1, kwa karatasi ni masaa matano, lakini betri ya asidi ukiishusha chini ya nusu kila siku unaiua, kwaio una masaa mawili na nusu tu ya kusikiliza, na kama betri imeshachoka ni chini ya hapo. Redio yenye betri yake inachaji ukiwa safarini, ukifika kijiweni inaimba kwa chaji yake na stata yako iko salama.

Kitu kingine, usidanganyike na wati zilizoandikwa kwenye boksi. Utaona wati 300, wati 500. Kwa volti 12 wati 500 zinataka zaidi ya ampea 40, waya zile nyembamba walizokuwekea zingeyeyuka siku hiyo hiyo. Amplifaya ya kawaida inayotumia umeme wa pikipiki, kwa spika moja ya omu 4, haivuki wati 20 hivi za kweli, na hizo zinatosha kabisa kwa mtu aliyekaa sentimita sitini kutoka kwenye spika. Angalia badala yake koni ya spika, chukua ya plastiki, ya karatasi ikipigwa na mvua za masika mara mbili inajikunja na kuanza kukwaruza.

Wapo wanaotaka kutumia simu kama redio. Inawezekana, ila simu yenye kamera ya maana usiibane kwenye usukani kila siku. Apple wenyewe walitoa tahadhari mwaka 2021 kwamba mtetemo wa injini kubwa za pikipiki unaweza kuharibu kamera za iPhone, na kwa pikipiki ndogo wakashauri kishikio chenye kupunguza mtetemo. Simu ibaki mfukoni, sauti ipite kwa bluetooth.

Pima pikipiki kabla hujagusa waya

Chukua mita, iweke kwenye DC 20 (DC ni umeme wa mwelekeo mmoja, kama wa betri), gusa betri. Injini imezimwa na imepumzika, betri nzima inasoma 12.5 mpaka 12.8. Ukikuta 12.0 ujue imeshuka, ichaji kwanza. Washa injini, pandisha resi ya katikati, hapo isome kati ya 13.5 na 14.5. Isipopanda maana yake pikipiki haichaji, na ukifunga redio unaongeza mgonjwa juu ya mgonjwa. Ikivuka 15 rekitifaya, kile kifaa kinachodhibiti umeme wa kuchaji betri, imekufa, na redio yoyote utakayofunga itaungua, badilisha rekitifaya kwanza.

Na wale mnaotembea bila betri, mnapiga kiki tu, nawaomba msifunge redio kabisa mpaka mnunue betri. Betri inafanya kazi ya kutuliza umeme. Ikitoka, volti zinaruka juu na chini kufuata resi, na redio haivumilii hilo, nimezika nyingi kwa sababu hii.

Umeme uchukuliwe wapi

Hapa ndo penyewe, soma taratibu.

Usichukue kwenye taa kubwa ya mbele. Ni pazuri kwa macho kwasababu pako karibu na usukani, lakini kwenye pikipiki nyingi hasa za kichina za mtindo wa CG 125 taa hiyo haitumii umeme wa betri, inatoka kwenye mzingo wa sumaku moja kwa moja na ni AC, yani umeme unaogeuza mwelekeo kila mara. Ndo maana taa inang'aa ukipandisha resi na kufifia ukiwa silensa, yani bila resi. Redio inataka DC, ukiipa AC itanguruma kidogo alafu itakufa. Kama hujui yako ni ya aina gani, weka funguo on bila kuwasha injini, washa taa. Isipowaka hiyo ni ya AC.

Usiunge moja kwa moja kwenye betri pia, labda kwa wale wenye rilei, swichi inayoendeshwa na umeme, nitakayoieleza mbele. Ukiunga hivyo redio iko hewani saa 24, ata ukiizima ule ubao wa kupunguza volti unaendelea kunyonya kidogo kidogo, na pikipiki ikilala siku tatu unakuta betri imelala nayo. Mtoto wa jirani pia anaweza kuwasha mziki saa nane usiku bila funguo.

Sehemu ninayoipenda ni swichi ya breki ya mkono wa kulia. Inatoa waya mbili. Funguo ikiwa on, moja ina volti 12 muda wote, ya pili inapata umeme ukibana breki tu. Unataka ile ya kwanza. Mita mguu mmoja kwenye hasi, mwingine kwenye waya, funguo on isome 12, funguo off isome sifuri, bana na achia breki isibadilike. Ikipita mitihani hiyo mitatu umeipata. Umeme huu ni DC, umepita kwenye fyuzi kubwa na unakatika na funguo.

Kuhusu rangi kuweni makini. Pikipiki nyingi za kichina zimefuata rangi za Honda, nyekundu ni ya kutoka betri, nyeusi ni umeme baada ya funguo, na kijani ndo hasi. Mtu aliyezoea redio za gari anaona nyeusi anasema hii ni hasi, anaunga, anapiga shoti. Bajaj na TVS zina rangi zao tofauti. Kwaio amini mita, rangi ni dokezo tu. Na ile waya nyeusi yenye mstari mweupe inayokwenda kwenye CDI, kile kiboksi kinachoamuru plagi ipige cheche, muiache kabisa, hiyo ndo inayozima injini.

Kuunga waya

Fungua siti au kava ya pembeni, toa waya hasi ya betri kwanza. Hasi kwanza kwasababu spana ikigusa fremu wakati unafungua hasi hakuna kinachotokea, ukianza na chanya ikagusa fremu unaona cheche. Wakati wa kurudisha, hasi iwe ya mwisho.

Nunua waya ya nyuzi nyingi ya milimita 0.75 au 1, nyekundu na nyeusi. Waya ya nyumba yenye uzi mmoja usiitumie ata kama unayo bure, mtetemo unaikata ndani wakati ganda bado zima na utahangaika kutafuta tatizo. Waya nyembamba ya spika nayo haifai, ganda lake linalainika karibu na injini.

Kwenye ile waya ya breki chuna ganda kama sentimita moja na nusu bila kuikata waya yenyewe, zungushia waya yako, lehemu kwa risasi, alafu funika. Kwavile huwezi kuupenyeza ule mpira mwembamba unaonywea ukiupitishia kiberiti kwenye waya isiyokatwa, hapo zungusha tepu nzuri ya umeme mizunguko mitatu minne na ubane miisho kwa tai ndogo za plastiki, tepu peke yake jua la Dodoma au la Dar linaiyeyusha gundi na inafunguka.

Sentimita kumi kutoka hapo weka fyuzi. Redio ndogo ampea 2, seti ya volti 12 ampea 5. Iwe karibu na chanzo kwasababu kipande cha waya kilicho kabla ya fyuzi hakina mlinzi.

Fyuzi nailazimisha kwa kila mteja na sababu ninayo. Usiku mmoja nilikuwa natoka Mikese kurudi mjini nimebeba mama na mtoto, redio yangu ilikuwa imeungwa bila fyuzi na waya ilipita kwenye shingo ya usukani. Kila nikikata kona ilikuwa inasuguliwa kidogo, siku hiyo ganda likaisha, waya ikagusa chuma. Pikipiki ile kila kitu chake kilitegemea betri, fyuzi kubwa ikakatika, injini ikazima na taa zote zikazima katikati ya barabara kuu, nyuma yetu kuna lori. Tulijisukuma pembeni kwa giza. Fyuzi ya ampea 2 pale ingekatika yenyewe, mziki ungezima na sisi tungeendelea na safari. Na fyuzi ikikatika tafuta kwanini, usiizungushie karatasi ya sigara.

Waya hasi ipeleke kwenye hasi ya betri yenyewe kama inafika, au kwenye bolti ya fremu uliyokwangua rangi mpaka chuma king'ae. Usiifunge kwenye usukani, mafuta na gololi za shingo zinafanya umeme upite kwa kusitasita.

Kama unafunga amplifaya inayovuka ampea 3, hapo tumia rilei ya miguu minne. Ile waya ya breki inakwenda mguu 86, mguu 85 kwenye hasi, mguu 30 unatoka chanya ya betri kupitia fyuzi yake, mguu 87 unakwenda kwenye amplifaya. Hivyo waya ndogo ya pikipiki inafanya kazi ya kuamrisha tu, mzigo unabebwa na waya mpya. Kwa redio isiyovuka ampea 3, ukipenda kinga zaidi weka dayodi ya 1N5408, inayopitisha umeme upande mmoja tu, kwenye chanya ya redio, siku mtu akigeuza nguzo za betri kwa bahati mbaya redio haiungui.

Kutoka volti 12 kwenda 5

Njia nyepesi ni chaja ya USB ya pikipiki yenye kifuniko cha mpira, unaunga waya mbili basi. Ukitaka ya kujitengenezea, tumia ubao wa kupunguza volti wa LM2596. Una kiboksi cha bluu chenye skrubu ndogo ya shaba juu, upe volti 12, mita iwe upande umeme unapotokea, zungusha mpaka isome 5.0 au 5.1. Unaweza kuzungusha mara kumi usione badiliko, endelea tu. Fanya hivi kabla hujachomeka redio, manake ubao mpya unaweza kuwa umewekwa volti yoyote ile. Ukishapata, dondoshea gundi kwenye skrubu isizunguke na mtetemo.

Kuna mafundi bado wanaweka 7805, chipu ya kupunguza volti. Inafanya kazi, ila volti 7 zilizozidi zinageuka joto, na redio ikila ampea 1 hiyo ni wati 7 za joto ndani ya kiboksi cha plastiki kilichozibwa mvua isiingie. Bila kipande kikubwa cha alumini inajizima yenyewe, mtu anasema redio inakatakata.

Kuifunga isidondoke wala isisumbue

Usukani wa kawaida una unene wa milimita 22 sehemu ya kushikia, vishikio vingi vinavyouzwa ni vya saizi hiyo. Mimi napendelea breketi ya bapa la milimita 3 inayobanwa na bolti zinazoshika usukani au ya kioo cha pembeni, haizunguki kama vile vya plastiki. Kati ya chuma na redio weka kipande cha tyubu ya gari, mara mbili, alafu weka washa pana (kile kibati cha duara cha chini ya nati) na nati yenye mpira ndani isiyofunguka. Tyubu ndo inayokula mtetemo, bila hiyo soketi ya flashi inalegea na nyimbo zinaruka.

Usiiweke juu ya tenki. Unafungua mfuniko kuweka mafuta, mvuke wa petroli umejaa hapo, na waya yenye cheche iko pembeni, hapana. Usifunike dashibodi, wala taa, wala usiiweke mbele kiasi kwamba ukikata usukani wote inagonga tenki.

Waya zipite njia moja na waya za asili, zikae huru shingoni. Baada ya kufunga, kata usukani mpaka mwisho kushoto, mpaka mwisho kulia, mara kumi, huku unaangalia kama kuna waya inayovutwa au kubanwa, na kama waya ya mafuta na ya klachi zinarudi zenyewe. Ekseleta ikikwama kwa sababu ya redio unaweza kufa. Acha nafasi ya zaidi ya sentimita kumi kati ya waya zako na bomba la moshi.

Kwa mvua, kabla waya haijaingia kwenye redio iache ining'inie kama herufi U, maji yanadondokea chini badala ya kufuata waya mpaka ndani. Spika itazame chini kidogo au nyuma kwako. Ziba matundu ya juu kwa silikoni, ya chini yaache ipumue.

Rudisha hasi ya betri, washa funguo, sikiliza redio kwanza bila injini. Ikiwa safi, washa injini.

Ikipiga kelele

Mluzi unaopanda na resi unatoka kwenye umeme wenyewe. Hamishia hasi kwenye betri, na weka kapasita ya 1000 mikrofaradi, volti 25, kati ya chanya na hasi karibu na redio, ukiangalia upande wa hasi uliochorwa mstari. Mara nyingi unaisha. Kama ni tik tik tik ya kufuata mlipuko wa injini, hiyo ni plagi, sogeza waya zako mbali na koili na waya ya plagi, na weka plagi yenye kizuizi ndani, kwa NGK utaona herufi R, mfano DR8EA badala ya D8EA. Wanaochaji simu kwa umeme wa pikipiki na hapohapo kutoa sauti kwa waya ya aux wanapata mluzi usiotoka ata wafanye nini, dawa ni kuacha waya ya aux na kutumia bluetooth.

Flashi na nyimbo

Redio nyingi za bei nafuu zinasoma mfumo wa kuhifadhi wa FAT32 tu, kadi ya GB 32 kushuka chini. Ya 64 inakuja na mfumo mwingine na redio itakaa kimya, watu wanarudisha redio dukani kumbe ni kadi. Ata hivyo GB 8 inakutosha, wimbo wa dakika nne kwa 128 kbps unakula kama MB 4, hapo una nyimbo karibu elfu mbili. Zipange kwenye mafolda ukiwa nyumbani, taarabu zake, bongo fleva zake, kaswida na injili zake, ili barabarani uguse kitufe kimoja tu. Nunua flashi fupi kabisa, ndefu inatikisika kama mkono wa saa na kuvunja soketi.

Sauti iwe ile ambayo bado unasikia honi ya gari nyuma na abiria akisema nishushe hapa. Earphone masikio yote mawili usivae. Ukipita hospitali au penye msiba punguza, na abiria mzee ukimuuliza "shikamoo mzee, nipunguze?" atakutafuta tena kesho.

Baada ya wiki ya kwanza rudia kukaza nati zote za breketi, manake tyubu inajikandamiza na nafasi inapatikana, gusa ubao wa volti kama una joto la kuunguza kidole, na pima betri asubuhi kabla ya kuwasha. Ikisoma 12.5 na kupanda kazi imekaa. Ikisoma chini ya 12.2 chomoa fyuzi ya redio ulale nayo hivyo usiku mmoja, upime tena asubuhi inayofuata, kama imebaki juu mnyonyaji ni redio yako, kama imeshuka vilevile kabadilishe betri.